Haraka ya Pili, Polepole

Waliponiaga pale ukumbini Nizwa, wenzangu walinipa saa ya ukutani. Miaka thelathini na kitu nimekuwa nikiwaambia kuwa wamechelewa, na siku ya mwisho wakanipa saa mimi. Thuraya, aliyeshika nafasi yangu ya kuongoza okestra, ni kijana aliyezaliwa hapahapa Oman, na Kiswahili chake hujikwaa kwenye kila kizingiti lakini hakianguki. Akaniambia, "Ustadh, sasa unayo nafasi. Andika basi, na usisahau ile maneno ya haraka." Saa nimeitundika sebuleni, na kila ikigonga naona kama yeye ananihimiza. Basi naandika.

Mambo ya vyeo, barua za pongezi na nani alikaa mbele ya nani, nayaacha. Yamo kwenye mafaili, na mafaili yamo kwenye kabati ambalo ufunguo wake aliondoka nao mtu aliyestaafu kabla yangu. Nitakuandikieni yale ambayo hayamo: jinsi tulivyokaa miaka yote hiyo tukishindwa kupiga kurasa saba za muziki.

Mimi ni mtu wa Ibra. Wazazi wangu walirudi kutoka Unguja na masanduku mawili na fidla moja, na baba akanifundisha fidla hiyo kabla sijajua kufunga vifungo vyangu mwenyewe. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha mjini, na Kiarabu tulikivaa tukitoka nje, kama viatu.

Siku ya kwanza kazini nilikuta chumba cha mazoezi ni ghala la viti vya harusi. Wapiga fidla wa kwanza walikuwa wamekalia viti vya dhahabu vyenye nakshi, na mpiga zumari, aliyechelewa, alibakiziwa kiti cha bi harusi, kikubwa kama kitanda, akawa anapiga miguu ikining'inia. Mbele yetu alisimama Ustadh Rifaat, Mmisri, mwongozaji wa okestra, mwenye sharubu zilizokuwa zikianza kupiga mapigo kabla ya mikono. Nikakaa fidla za pili, pembeni mwa Maryam, mpiga selo, ambaye jamaa zake walitoka Bujumbura. Nusu yetu tulikuwa hivyo, watu wa nyumba za Kiswahili. Nusu nyingine walikuwa Waarabu wasiojua Kiswahili hata neno moja, na mkubwa wao alikuwa Hilal wa Bahla, mpiga ngoma, mtoto wa wafinyanzi, aliyezigusa ngoma zake kama mitungi ambayo bado haijachomwa.

Ustadh akafungua karatasi zake, akasema kwa utulivu, "Al-haraka at-tanya," yaani haraka ya pili.

Sasa, kwa wanamuziki wa Kiarabu, simfoni hugawika sehemu, na kila sehemu huitwa haraka, maana yake mwendo. Haraka ya kwanza, haraka ya pili, mpaka ya nne. Mimi nitalijulia wapi hilo? Haraka niliyoijua mimi ni ile ya mama akiwa na chungu jikoni na wageni mlangoni. Tena sisi wa Oman hatuna hata la kusingizia kwenye matamshi, kwa sababu haraka yetu inatoka kooni sawasawa na yao. Maryam akaninong'oneza, "Amesema haraka, na hii ni mara ya pili." Nikaona mzee wa watu ameshasema mara moja mimi sijasikia. Tukaondoka mbio.

Ustadh akatusimamisha. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kuwa hii ni haraka ya pili, haraka ya pili, jamani. Sisi tukaelewa kuwa bado anatuona wazito. Mara ya tatu tulipiga mpaka kiti cha bi harusi kikavunjika mguu. Tulipomaliza ukurasa wa saba, Hilal, aliyejua Kiarabu chake na aliyekuwa akipiga vile ilivyoandikwa, bado alikuwa ukurasa wa kwanza, anabisha hodi peke yake.

Ustadh hakugomba. Alikaa chini akafuta uso. Wakati wa chai aliniita, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilikuwa sijajifunza kumkimbia, akanieleza. Muziki ule aliutunga yeye. Mama yake alikuwa na mguu mbovu, na Ustadh alipokuwa mdogo wakienda sokoni, alikuwa akitangulia mbali, watu wasijue kuwa yuko naye. Mama hakumwita hata siku moja arudi. Mama alipofariki, Ustadh akauandika mwendo wake, ngoma kwanza, hatua moja moja, halafu selo, halafu wote.

"Nataka nitembee naye mara moja," akasema. "Mara moja tu, mpaka sokoni, bila kumtangulia."

Nilirudi kwenye kiti changu na haya mpaka masikioni. Tangu siku hiyo kurasa zile saba zilikuwa deni langu, ingawa hakuna aliyenidai.

Wakanifanya mkalimani, na mtunza karatasi juu yake. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwafahamisha watu wangu, na nikawatungia jina: hatusemi haraka ya pili, tunasema mwendo wa pili. Wakakubali. Hata Hilal akajifunza kusema "mwendo", na ndilo neno pekee la Kiswahili analolijua mpaka leo. Nikaona mambo yamekwisha. Lakini mwili wa mtu una kumbukumbu zake, na wao kila wakiziona karatasi zile mikono ilikuwa inakumbuka mbio. Ikabidi niwe nawaambia, "Taratibu, jamani, taratibu." Nao wakapunguza.

Tatizo likahamia kwa Hilal. Kwa Kiarabu, tartibu ni mpango, kupanga vitu vikae sawa. Kila nikisema taratibu, Hilal alikuwa anaweka virungu vyake chini, anavipanga mkubwa kwa mdogo, anapangusa ngoma, anasogeza kiti. Mimi nikafikiri ni mtu safi sana. Miezi mizima nilimsifu.

Tukaenda Ibra kwa maonyesho, na ukumbi ukajaa. Ustadh alikuwa amejifunza kwangu neno hilo moja na alikuwa na hamu ya kulitumia. Akainua kijiti chake, akatutazama kwa mapenzi, akanong'ona, "Taratibu." Upande wa Kiswahili tukashusha pumzi. Hilal akaweka virungu chini akaanza kupanga. Mwendo wa mama ukaanza bila hatua za mama, ikawa kama mtu anaelea. Ustadh akamtolea macho, Hilal akadhani hajapanga vizuri, akavipanga upya.

Hapo katikati niingize mambo ya kazi, maana Thuraya amesema vijana wanayataka. Fidla haiipendi Nizwa mwezi wa Juni. Gundi inaachia, mbao zinalia usiku na mchana. Chukua kisahani cha sabuni chenye matundu, tia kipande cha sponji kilicholowa, weka ndani ya sanduku la fidla. Usiiache garini hata kama unakwenda kununua mkate tu. Usikae chini ya tundu la AC, na ukikalishwa hapo, gombana. Ukipiga nje, karatasi zibane kwa vibanio vya kuanikia nguo, si viwili, vinne. Andika kwa penseli, maana mwongozaji atabadilisha mawazo, na kalamu ya wino huvionyesha vizazi vyote kuwa alibadilisha. Na msiruhusu halwa iletwe kabla ya mwisho. Tulipiga Nizwa siku moja mbele ya wageni wakubwa, mwendo wa pili ukaanza vizuri kabisa, Hilal anahesabu, Maryam anavuta, na nyuma ya pazia mtu akafunua sinia la halwa ya moto, ya zafarani. Nilimuona Ustadh pua zikimcheza, yeye mwenyewe, mtoto wa yule mama. Tulifika sokoni kabla ya saa yake.

Alipostaafu, kurudi kwao Misri, alinikabidhi kijiti chake na zile karatasi, zimechakaa, zimejaa alama za penseli. Akaniambia nikiupata mwendo ule, nimwite.

Ndivyo nilivyokuwa mwongozaji, na ndipo matatizo yangu na shangazi yalipoanza. Bi Zuwena, dada yake baba, anakaa Ibra, na ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Nilikwenda kumpa habari. Nikasema, "Shikamoo shangazi, nimekuwa kondakta."

Akaitikia marahaba, akaweka kikombe chini, akanitazama. "Kondakta ndio utingo?" akasema. "Kaka yangu amekusomesha fidla kwa tabu yote ile, leo umekuwa utingo wa basi?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, na kwa mikono. Akasema sawa, kazi ni kazi, na basi lenyewe linafika Sur? Nikasema kwa kweli linafika, maana tuna maonyesho huko. Basi akanipa kifurushi cha binti yake wa Sur. Tangu hapo sikupita Ibra bila vifurushi: visheti, ndizi za Birkat al Mauz zilizokwisha zunguka nchi nzima na kurudi, mashine ya kusagia nyama, siku moja jogoo. Na kwa kuwa okestra ni watu sitini na kila mmoja ana kibofu chake, mimi ndiye niliyesimama mlangoni mwa basi kuhesabu vichwa, hasa baada ya kumsahau mpiga tarumbeta kwenye kituo cha mafuta cha Fanja, akawa anatupigia tarumbeta toka barabarani na sisi tunasema sauti nzuri hiyo inatoka wapi. Kwa hiyo mwisho wa yote shangazi alikuwa na haki. Nilikuwa utingo, na kazini niliogopwa zaidi mlangoni mwa basi kuliko jukwaani.

Miaka ikapita, na mwendo wa pili haukukubali. Nilipiga marufuku maneno yote mawili. Nilibandika karatasi mlangoni kwa lugha mbili: haraka na taratibu haziruhusiwi ndani. Akaja mkaguzi wa mambo ya moto, akaisoma mara mbili, akauliza kukitokea moto tutaambiana nini. Tukajadiliana mpaka adhuhuri. Nilijaribu saa yenye kugonga mapigo, Hilal akaipanga. Kila mwaka tulizipiga zile kurasa, na kila mwaka zilitoka sahihi kwa noti na mbaya kwa mwendo. Mara tunamtangulia mama, mara tunamburuta. Sikumwita Ustadh. Niliona haya kumwita asafiri kuja kukimbizwa tena.

Mwaka wangu wa mwisho akanipigia simu yeye. Sauti ilikuwa nyembamba, na kila nikisema neno aliniomba nirudie. Masikio yalikuwa yanaondoka, akasema, limebaki moja, nalo kwa msaada wa kifaa. "Kama una nia ya kuniita, Nassor, niite mwaka huu." Nikamwambia aje, tutapiga Sur, alasiri, maonyesho yangu ya kuaga. Nilipokata simu nilikaa jikoni nikaogopa, kwa sababu sikuwa na kitu cha kumpa.

Bi Zuwena akasikia kuwa basi langu linakwenda Sur kwa mara ya mwisho, akasema safari hii hatumi mzigo, anakwenda mwenyewe. Tukampitia Ibra asubuhi. Thuraya akashuka, akampa shikamoo, akamshika mkono mpaka kiti cha mbele nyuma ya dereva. Alikuwa na bakora yake, na ufagio mpya wa chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi, alioletewa kutoka Unguja, zawadi ya binti yake, maana mafagio ya huku, anasema, hayafagii, yanapapasa. Njia nzima aliniuliza kwa nini sikusanyi nauli.

Katika kuhesabu vichwa, kushusha ngoma na kumtafutia shangazi pa kutawadhia, nilisahau sanduku la kijiti changu Nizwa, juu ya meza, karibu na mlango, mahali nilipoliweka nisilisahau. Niligundua dakika kumi kabla ya kuanza. Thuraya alikimbia kwenye basi akarudi na njiti moja ya chelewa kutoka kwenye ufagio wa shangazi. Ilikuwa ndefu, nyepesi, imenyooka, na nasema kweli, ni kijiti kizuri kuliko vyote nilivyopata kushika. Maryam akacheka kuwa miaka yote nimepigana na haraka, na leo nakwenda kuipiga vita kwa chelewa.

Ustadh alikuwa mstari wa mbele, amekonda, sharubu nyeupe. Aliinua mkono kidogo. Nikapanda.

Haraka ya kwanza tuliipiga vizuri, nayo si habari, siku zote tuliipiga vizuri. Ikaisha. Watu wakakohoa, wakatulia. Nikainua chelewa, nikamtazama Hilal, kwa kuwa ngoma ndiyo inayoanza. Hilal akanitazama. Naye sasa ni babu wa watu, na virungu alikuwa amevishika juu ya ngoma. Nilitaka kumwambia neno moja tu, na maneno yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyapiga marufuku mimi mwenyewe.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka.

Bi Zuwena alikuwa amekwenda kusali. Alitawadha kwa nafasi, akasali kwa nafasi, akawaombea dua jamaa wote, wazima na waliotangulia, naye ana jamaa wengi. Sasa alikuwa anakuja kwa njia ya katikati, kwenye sakafu ya mbao, anataka kiti cha mbele, kwa sababu kwenye shughuli ya mtoto wa kaka yake hawezi kukaa nyuma. Bakora ikagonga. Mguu ukaburuta. Bakora ikagonga. Kijana wa mlangoni akamkimbilia, akamshika mkono amkalishe nyuma upesi, na shangazi akamwambia kwa sauti iliyozoea kuita watu toka ua wa tatu:

"Niache, baba. Mie mwendo wangu ndio huu."

Watu wakacheka. Jukwaani hakucheka mtu. Upande wa Kiswahili niliwaona wameganda, na Hilal, ambaye neno lake moja la Kiswahili lilikuwa hilohilo, aligeuza shingo kule mlangoni. Bakora ikagonga, na chini yake, laini kabisa, Hilal akagonga ngoma. Ikagonga tena, na ngoma ikawa pamoja nayo. Maryam akaingia. Tukaingia sote.

Mimi sikufanya kitu. Nilitikisa chelewa kidogo, kwa adabu, nisionekane nimesimama bure. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na nafasi ya kuzisikiliza zile kurasa: kumbe mna mahali ukurasa wa tatu ambapo mama anasimama kupumua, na miaka yote tulipapita mbio tukidhani ni kosa la uchapaji. Shangazi akasimama kupumua. Tukasimama naye. Akafika mstari wa mbele, akakaa pembeni mwa Ustadh, bakora ikanyamaza. Nikangoja wale watu wangu waanze kukimbia. Hawakukimbia. Walikwenda mwendo ule mpaka ukurasa wa saba, na mimi nililia mbele ya watu mia tano na ujiti wa ufagio mkononi.

Baadaye nilishuka kwa Ustadh, naye macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwinamia sikioni nikauliza kama leo ndio. Akakitoa kile kifaa cha sikio akanionyesha kwenye kiganja. Betri ilikuwa imekwisha katikati ya haraka ya kwanza.

"Sikusikia hata noti moja," akasema. "Lakini nilimuona akija."

Sikujua nicheke au nianguke. Akauliza bibi yule alimwambia nini kijana wa mlangoni, maana aliona watu wakicheka. Nikatafuta neno la Kiarabu la mwendo, na lilikuwepo moja tu lililofaa. Nikamwandikia kwenye karatasi ya ratiba: amesema, haraka yangu mimi ndiyo hii. Aliisoma, akacheka mpaka sharubu zikalowa, akaikunja akaitia mfukoni.

Shangazi alikuwa anangoja zamu yake. Alisema muziki si mbaya, wenye fidla wamefanya kazi, lakini mimi alinitazama muda wote hakuona nimepiga kitu, na ule ujiti ni wa ufagio wa binti yake, niurudishe. Sikuurudisha. Thuraya, umo kwenye mtoto wa meza yako, umeviringwa kwenye kitambaa.

Tukatoka kwenda kwenye basi. Nilisimama mlangoni kama kawaida yangu, nikahesabu, wote wamo isipokuwa wawili. Nikatazama kule ukumbini nikawaona wanakuja, Ustadh amempa shangazi mkono, yeye hana Kiswahili na bibi anamsemesha Kiswahili, bakora inagonga, mguu unaburuta. Alikuwa anatembea pembeni yake, bega kwa bega, wala hakutangulia hata hatua moja. Uwanja ulikuwa mrefu, jua kali, dereva ameshawasha mashine. Watu sitini walikaa wakingoja, na hakuna aliyesema haraka, kwa lugha yoyote.